Nati ya 9/16: historia iliyojificha chini ya gari kuukuu

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na safari hii siwezi kusingizia kazi wala mtandao uliokwama. Nilikuwa nimelala chali juu ya kipande cha katoni, chini ya gari, uso umejaa vumbi la kutu, nikibishana na nati nne.

Kwa hiyo leo hakuna kodi. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata wanisamehe, itakuja. Leo ni historia, tena historia ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Ukinivumilia hadi katikati utaona kwamba ni mambo yale yale tunayozungumzia hapa kila wiki: viwango, matoleo ya zamani yasiyokufa, na mtu anayerekebisha kitu asichokielewa halafu anaenda zake.

Gari lenyewe ni Land Rover Discovery ya 1996, dizeli, lile umbo la kwanza. Lilikuwa la mjomba wangu. Aliliendesha miaka mingi huko Kilifi, akazeeka, magoti yakakataa kupanda, akanipa. "Litunze," aliniambia, "lenyewe litakutunza." Hakuniambia kwamba upepo wa bahari ulikuwa umelila chini kama mchwa. Hilo nilikuja kujionea.

Disemba iliyopita tulikuwa njiani kwenda Nakuru. Mama kiti cha mbele na kikapu chake, watoto wangu wawili nyuma wakigombania dirisha. Tumepita Naivasha, mwendo wa kama kilomita 80 kwa saa, nikahisi mtetemo kwenye sakafu. Nikadhani ni barabara. Mtetemo ukageuka mlio, ko-ko-ko-ko, na mlio ukawa unafuata mwendo: nikikanyaga mafuta unaharakisha, nikiachia unapungua. Nikaegesha kando nikaingia chini.

Kwa wasiojua: propela shafti ni bomba la chuma linalozunguka, na kazi yake ni kupeleka nguvu hadi kwenye difu. Discovery inazo mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kwa sababu magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Zote mbili zinatoka kwenye transfa, yaani lile sanduku la pili la gia linalogawa nguvu. Shafti ya mbele imeshikwa kila upande na bolti nne tu, zinazopita kwenye sahani nene ya chuma inayoitwa flenji.

Upande wa difu ya mbele, bolti moja haikuwepo kabisa. Ya pili ilikuwa imepinda kama ndoano. Mbili zilizobaki, nati zake nilizizungusha kwa vidole.

Shafti ya mbele ikifunguka upande huo gari likiwa mbioni, ncha yake inaanguka barabarani ikiwa imeelekea mbele, na uzito wote wa gari unaisukumia kwenye lami. Sikumwambia mama. Nilimwambia kuna nati imelegea, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Dawa ya kando ya barabara ilikuwepo. Unaitoa shafti ya mbele nzima, unafunga difu ya katikati kwa ile lever ndogo iliyo kando ya gia, na gari linaenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. (Usipoifunga hiyo difu, nguvu yote inapotelea upande usio na kitu na gari halisogei.) Nilikuwa na seti nzuri ya spana za milimita. Upande wa difu nikatumia 13, nati zikatoka. Nikahamia upande wa transfa.

13 ndogo. 14, ambayo ndiyo spana ya kwanza anayoishika fundi yeyote wa Toyota, haikuingia. 15 iliingia, ikicheza. Nikaivuta, ikateleza, na pembe moja ya nati ikalainika. Aliyewahi kulainisha nati anajua jinsi moyo unavyoshuka.

Nilifikiria kuifunga shafti kwa kamba upande mmoja tu, kisha nikakumbuka kwamba upande wa pili bado ungezunguka. Wakati nafikiria hivyo akasimama dereva mmoja wa lori, mzee, akashuka bila haraka, akainama.

"Una spana gani hapo?"

"Milimita, mzee. Nina 14 na 15."

"Hiyo ni Land Rover, kijana. Hiyo haijui milimita."

Akaleta ile spana ya kurekebisha mdomo (jina lake la gereji siliandiki hapa, mama husoma ukurasa huu), na kwa karibu nusu saa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukazitoa zote nne. Tukafika Nakuru kwa mwendo wa konokono. Usiku, wengine wamelala, nilifungua kikokotoo cha simu.

9/16 ya inchi ni milimita 14.29.

Angalia uzuri wa mtego huo. Ni kubwa mno kwa 14 kwa theluthi ya milimita hivi, na ni ndogo kwa 15 kiasi cha kutosha tu kuilainisha. Ungekusudia kumtesa fundi wa Nairobi mwenye seti ya Kijapani, usingeweza kuchagua namba nzuri zaidi.

Lakini hakuna aliyekusudia, na hapo ndipo historia inapoanza.

Mwaka 1841, Mwingereza Joseph Whitworth aliwasomea wahandisi wenzake mjini London pendekezo moja. Wakati huo kila karakana ilijichongea bolti zake. Bolti ya karakana hii haikuingia kwenye nati ya karakana ile, hata kama zote mbili ziliitwa nusu inchi. Tatizo ni hesi, ile mistari inayozunguka bolti: mistari mingapi kwa kila inchi, na mfereji wake umekatwa kwa pembe gani. Whitworth hakukaa chini kubuni namba nzuri. Alikusanya sampuli kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akachukua wastani. Ndiyo maana pembe yake ni nyuzi 55, namba isiyo na uzuri wowote wa kihesabu. Ilikuwa tu karibu na yale ambayo watu walikuwa wakifanya tayari, na ikakubalika.

Mmarekani William Sellers hakuipenda. Mwaka 1864, mjini Philadelphia, alieleza kwamba nyuzi 55 ni vigumu kuzipima, na zile kingo za mviringo za Whitworth zinahitaji vifaa maalumu. Yeye alitaka nyuzi 60, ambazo ni pembetatu yenye pande sawa, na kingo zikatwe bapa, ili fundi wa kawaida mwenye mashine ya kawaida aweze kuzichonga mwenyewe. Kwa maoni yangu hoja yake ilikuwa bora, na ninaipenda kwa sababu ilimfikiria fundi. Lakini matokeo yake yakawa nchi mbili zinazotumia inchi ile ile na bolti zisizoelewana. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina mistari 12 kwa inchi, ya Sellers ina 13. Unaingiza kwa mkono mizunguko miwili, inakwama, na mwenye nguvu kuliko akili anaongeza spana.

Sisi waandishi wa programu tusicheke. Faili la maandishi la Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili na la Linux kwa alama moja, na nimewahi kupoteza Ijumaa nzima kwa sababu hiyo.

Kwa miaka 80 hivi watu waliishi na hali hiyo. Kisha vita vikuu vya pili vikafika. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Marekani ilikubali kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin. Injini hizo zilikuwa na hesi za Kiingereza za aina kadhaa, na zilipaswa kuingiliana na vipuri vilivyotoka Uingereza. Marekani haikuwa na vifaa vya kukata hesi hizo, kwa hiyo Packard ililazimika kujitengenezea. Na hiyo ni kampuni moja na injini moja. Fikiria vifaru, malori, redio na bunduki, vyote vikitengenezwa upande mmoja wa Atlantiki na kukarabatiwa upande mwingine.

Mikutano ya kutafuta mwafaka ilianza vita vikiendelea, na tarehe 18 Novemba 1948, mjini Washington, wawakilishi wa Uingereza, Marekani na Kanada walitia sahihi. Walichukua pembe ya nyuzi 60 ya Mmarekani, wakaruhusu mviringo wa Mwingereza. Hesi hiyo ya pamoja ikaitwa Unified, na ile yenye mistari ya karibu-karibu ndiyo UNF, herufi tatu ambazo sasa nimezikariri kuliko namba ya kitambulisho changu.

Sasa weka tarehe hiyo kando ya nyingine. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Miezi sita na nusu kabla ya mwafaka.

Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na gari la shambani lilikuwa Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Lilipoelekea kuchoka, hakukuwa na la Kiingereza la kulibadilisha. Gari la kwanza la majaribio mwaka 1947 lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Baada ya vita chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao, lakini aluminiamu iliyokuwa ikitumika kwenye ndege ilipatikana, basi mwili ukawa wa aluminiamu. Hawakuwa na pesa wala muda wa kutengeneza mashine kubwa za kukandamiza chuma, basi chesisi ikaundwa kwa vipande vya bamba bapa vilivyokatwa na kuchomelewa kingo kwa kingo hadi vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Yote hayo yalikuwa ya kupita tu, mpaka mambo yatengemae.

Chesisi ya boksi ilidumu kwenye magari yao kwa miongo kadhaa. Boksi ni imara, haikunjiki kwa urahisi. Lakini lina ndani, na ndani hakuna anayepaka rangi. Maji na matope huingia kwa matundu madogo, hukaa, na kutu huanza upande usiouona. Unagonga chesisi kwa nyundo nje ikiwa nyeusi na nzuri, inalia "tok", kisha hatua moja mbele inalia "puf". Ukiongeza chumvi ya pwani, na ukakutanisha aluminiamu na chuma mahali penye unyevu, metali hizo mbili zinakuwa betri ndogo na mojawapo inaliwa. Discovery yangu ina mabati mengi zaidi ya chuma mwilini kuliko mababu zake, kwa hiyo imeoza hata pale ambapo Land Rover ya shambani isingeoza: sakafu ya buti niliitoboa kwa kidole. Sijatia chumvi. (Mjomba ndiye aliyetia.)

Basi Land Rover ilizaliwa ikiwa na hesi za Kiingereza za zamani, na polepole, toleo kwa toleo, ikahamia UNF. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba viwanda vielekee kwenye mita. Ungetegemea gari lililotoka kiwandani 1996 liwe limeshafika.

Halikufika, na sababu yake kila mwandishi wa programu anaijua. Mwaka 1970 ilitoka Range Rover, gari lililobadilisha mengi: badala ya springi za mabamba zilizorushana abiria, ilikuwa na springi za koili kubwa, na magurudumu yote manne yakivuta wakati wote. Umbali kati ya ekseli ulikuwa inchi 100. Mwaka 1989 kampuni ilihitaji gari la familia kwa haraka, kushindana na Wajapani. Ikachukua umbo jipya, viti vipya, dashibodi mpya, ikaviweka juu ya nini? Chesisi ya inchi 100, mpangilio ule ule wa Range Rover. Hiyo ndiyo Discovery. Mwaka 1994 ikapewa injini mpya ya dizeli, ile yangu, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya milimita. Kwa hiyo ukifungua boneti unafanya kazi kwa 10, 13 na 17. Ukiingia chini, kwenye propela, umerudi 1970 na unafanya kazi kwa sehemu za inchi. Sura mpya, maktaba ya zamani. Nani angethubutu kuigusa, nayo ilikuwa inafanya kazi?

Jambo jingine la kuwafurahisha wapenda viwango. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilianzishwa 1947, na kamati yake ya kiufundi namba 1, ya kwanza kabisa kwenye orodha, ni ya hesi za bolti. Kabla ya kompyuta, kabla ya makontena ya meli, walianza na hilo.

Tukirudi Nairobi. Kitu kilichoniuma zaidi hakikuwa zile nati za transfa, bali zile za difu. Kwa nini upande mmoja ulikubali spana ya 13?

Niliziweka bolti mbili nzima juu ya meza nikazipima. Milimita 8. Tundu la flenji limetobolewa kwa bolti ya 3/8 ya inchi, ambayo ni milimita 9.5. Kulikuwa na milimita moja na nusu ya hewa. Flenji mbili zinazobeba nguvu ya injini nzima zilikuwa zinacheza, na kila nilipobadili gia zilikuwa zinazipiga bolti hizo kama shoka. Tena vichwani hazikuwa na alama yoyote. Bolti ngumu ya milimita huandikwa daraja lake, kama 8.8 au 10.9. Ya inchi huwekwa mistari kichwani, mitatu kwa daraja la 5, sita kwa daraja la 8. Isiyo na kitu ni ya kufungia geti.

Miezi minane kabla ya safari hiyo nilikuwa nimepeleka gari kwenye gereji moja kubadilisha krosi, ule msalaba mdogo unaoruhusu shafti kujipinda. Gereji siitaji. Nilivyoelewa baadaye, bolti za upande wa difu vichwa vyake vimebanwa nyuma ya flenji, na ukiharibu moja huwezi kuibadilisha mpaka flenji yenyewe itoke. Kazi ya dakika 20 inakuwa ya saa mbili. Nadhani alilainisha nati kwa 15, akaikata, akatafuta bolti nyembamba inayopenya bila kutoa flenji, akamaliza, akanawa mikono. Nikalipa. Nikamwambia asante.

Nimejiuliza sana kama nimkasirikie. Spana ya 9/16 pengine hakuwa nayo, na hakuna aliyemfundisha kwamba kuna kitu kama hicho. Alizaliwa nchi ikiwa imejaa Toyota. Lakini alijua kwamba bolti inacheza kwenye tundu. Hilo huhitaji kufundishwa, mkono unalisikia. Nimemkasirikia.

Nilikwenda Grogan kutafuta bolti sahihi. (Kwa walio mbali: ni Kirinyaga Road, lakini jina la zamani halijawahi kung'oka.) Maduka manne yalinipa milimita 10, ambayo haiingii kwenye tundu la 9.5, na wawili kati yao wakajitolea kunitobolea flenji iwe kubwa. La tano alikuwepo mzee na makopo ya maziwa yamejaa bolti hadi dari. Nilimpa sampuli. Hakuipima. Aliizungusha kwenye nati moja aliyoitoa mfukoni, akasema, "Tatu kwa nane, ile laini. Una Leyland ama Land Rover?" Aliniambia alinunua shehena ya bolti hizo zamani, wakati bado zilikuwa zinakwenda. Kulikuwa na sababu ya kuwepo kwake Kenya: kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika kilianza kuunganisha magari 1976, Land Rover zikiwemo. Bolti nane, nati nane za kujifunga zenye pete ya plastiki ndani, shilingi 1,200. Spana ya 9/16 hakuwa nayo. Hiyo nilikuja kuazima kwa jirani anayetengeneza pikipiki za zamani za Kiingereza.

Kama una Land Rover ya zamani na unataka kuifanya kazi hii mwenyewe, soma kipande hiki mara mbili. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti, mara tu inapotoka nyuma ya transfa. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1948, na kulikuwa na akili ndani yake: ngoma iko juu, mbali na matope, na difu inaizidishia nguvu (kwenye Discovery kwa mara 3.54). Lakini maana yake ni hii. Ukiinua gurudumu moja kwa jeki, au ukitoa shafti, breki hiyo inaweza isishike chochote, na gari lenye uzito wa tani mbili linaanza kutembea wewe ukiwa chini yake. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, mawe makubwa. Weka gari juu ya vigingi vya chuma, usiitegemee jeki. Mimi nilijua haya kwa kusoma usiku uliotangulia, na hata hivyo nilipolegeza nati ya mwisho nilisikia gari likishusha pumzi, likasogea upana wa kidole hadi kwenye jiwe. Nilitoka nje nikakaa kwanza.

Yaliyobaki yalikuwa jasho tu. Kabla ya kutoa kitu, paka alama ya rangi kwenye flenji zote mbili ili zirudi zilivyokutana. Safisha hesi kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kupenya tangu jana yake. Nilitoa flenji ya difu, nikaingiza bolti za mzee wa Grogan kutoka nyuma. Ziliingia kwenye matundu kwa kusukuma kwa gumba, bila mchezo wowote, sauti ndogo ya "klik" ya chuma kilichokutana na mwenzake. Nilifanya hivyo hivyo nne zote, kisha nikazitoa nikaziingiza tena, kwa raha tu. Nikapiga grisi kwenye krosi hadi ikatokeza safi pande zote nne, nikarudisha shafti.

Chesisi nimeigonga yote, mita kwa mita, nikiweka chaki pale iliposema "puf". Ni sehemu tatu, zote nyuma. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye bamba nene, si yangu, na nitasimama pale pale nikimwangalia. Bushi za mpira za mikono ya ekseli nazo zimepasuka. Hizo zilikuja na koili za 1970, na zikifa gari linaanza kupepesuka kama mlevi. Zitasubiri mshahara.

Jumapili mjomba alipiga simu kuuliza gari linaendeleaje. Nilimweleza yote: Naivasha, dereva wa lori, milimita 14.29, Whitworth, mzee wa makopo. Alinyamaza kwa muda.

"Spana za inchi si ziko," alisema. "Seti nzima, kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda. Nilisahau kukupa."

Zinakuja na basi la kesho jioni. Somo la hifadhidata, sehemu ya pili, ni Alhamisi.